Kupanda na Kushuka kwa Maneno ya Cheo katika Kiingereza

Maneno hayakai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kama watu wanaoyatumia, na mara nyingi hupanda na kushuka pamoja nao. Jambo hili laweza kuonekana katika kila lugha yenye maandishi ya zamani, lakini katika Kiingereza huonekana kwa uwazi zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi ya lugha hiyo yamefululiza kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata yawezekana kulifuata neno moja kutoka karne hata karne. Pili, nchi yenyewe ilipinduliwa mwaka 1066 Wanormani walipoiteka, ikawa kwa muda mrefu wakuu wanasema Kifaransa na wanyonge wanasema Kiingereza. Lugha iliyopita katika hali hiyo haikosi kubaki na alama zake.

Yanayochunguzwa hapa ni maneno ya kundi moja tu, yaani majina ya vyeo na ya tabaka za watu. Faida ya uchunguzi huu si kujua mambo ya ajabu tu. Mwaka 1086 mfalme William wa Kwanza aliandikisha ardhi ya Uingereza na watu wake katika kitabu kiitwacho Domesday. Ndani yake, kwa Kilatini, wameandikwa watu zaidi ya 100,000 kwa jina la “villani”, nao ndio kundi kubwa kuliko yote yaliyohesabiwa. Msomaji wa leo ajuaye neno la Kiingereza “villain”, ambalo maana yake ni mtu mwovu, mhalifu, au adui katika mchezo wa kuigiza, angeweza kudhani kwamba mfalme alihesabu waovu. La, alihesabu wakulima. Imekuwaje basi jina la mkulima likawa jina la mwovu? Na ni nani aliyeligeuza?

Jibu lahitaji kuanzia nyuma kidogo, katika nyumba ya Mwingereza wa kale kabla ya Wanormani. Katika nyumba hiyo cheo kilipimwa kwa mkate. Mwenye nyumba aliitwa “hlaford”, neno lililofupishwa kutoka “hlafweard”, maana yake mlinzi wa mkate. Mkewe aliitwa “hlæfdige”, na sehemu ya pili ya jina hilo ni ya ukoo mmoja na neno la unga uliokandwa, kwa hiyo maana yake ni mkandaji wa mkate. Walioishi chini yao waliitwa wala mkate: neno “hlafæta” limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, zilizotungwa mwanzoni mwa karne ya 7, na sheria hizo zaagiza kwamba mtu akimwua mla mkate wa mwingine, alipe shilingi 6.

Maneno hayo matatu yalikuwa kama jamaa wa nyumba moja, lakini hayakupata bahati moja. Neno la mlinzi wa mkate limekuwa “lord”, cheo cha wakubwa wa nchi, tena ndilo jina ambalo Wakristo wasemao Kiingereza humwitia Mungu. Neno la mkandaji limekuwa “lady”, bibi mwenye heshima, na hapana hata mmoja aitwaye hivyo leo ambaye watu humfikiria mikono yake ikiwa na unga. Neno la mla mkate limekufa. Aliyetoa chakula jina lake limedumu, na aliyekila jina lake limesahauliwa. Hata neno lenyewe “hlaf”, ambalo zamani lilikuwa mkate wowote, leo katika umbo la “loaf” lina maana ya mkate mmoja mzima tu, na nafasi yake ya zamani imeshikwa na “bread”.

Baada ya nyumba, yafaa kuwatazama vijana wake. Waingereza wa kale walikuwa na maneno mawili ya mvulana, “cniht” na “cnafa”, na yote mawili yalitumiwa kwa mtumishi pia, kama ilivyo desturi ya lugha nyingi kumwita mtumishi kwa jina la mtoto. La kwanza halikuwa na ukuu wowote. Walipotafsiri Injili kwa lugha yao, wanafunzi wa Yesu waliwaita “leorningcnihtas”, yaani vijana wanaojifunza. Lakini “cniht” lilizoea kutumiwa kwa kijana aliyemtumikia mkubwa kwa silaha. Baada ya mwaka 1066 utumishi wa silaha ukawa ni utumishi wa farasi na ngao, nao ulilipwa kwa ardhi. Basi jina likapanda pamoja na mwenyewe, hata likawa “knight”, cheo cha askari wa farasi aliyetawazwa, na mpaka leo wafalme wa Uingereza huwapa watu cheo hicho kwa heshima.

Neno la pili lilibaki jikoni na zizini. Katika karne ya 14 lilikuwa lingali likiweza kutumika bila ya ubaya, maana tafsiri ya Biblia iliyofanywa na wafuasi wa John Wyclif ilimwita mtoto mwanamume kwa neno hilo. Lakini tangu karne ya 13 lilikuwa limekwisha kuanza kuchukua maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na maana hiyo ndiyo iliyoshinda. “Knave” likawa tusi. Maana yake ya zamani imebaki katika karata tu, ambamo “knave” husimama chini ya mfalme na malkia kama mtumishi wao. Waswahili nao huiita karata hiyo ghulamu, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kijana.

Isidhaniwe kwamba maneno hayo mawili yalikuwa na mbegu ya wema au ubaya ndani yake tangu asili. Kijerumani ni ndugu wa Kiingereza, nacho kinayo maneno hayo hayo: “Knecht” ni mtumishi, na “Knabe” ni mvulana. La kwanza halikupanda, wala la pili halikuanguka. Maneno ni yale yale, na asili ni ile ile. Kilichotofautiana ni kazi waliyopewa watu walioitwa kwa maneno hayo, na macho ya wale waliowatazama.

Sasa yawezekana kurudi kwa mkulima. Kwa Kilatini “villa” ilikuwa nyumba ya shamba pamoja na ardhi yake, na “villanus” alikuwa mtu wa shamba hilo. Kifaransa cha kale kililifanya “vilain”. Katika mashairi na hadithi zilizotungwa kwa ajili ya majumba ya wakubwa, mtu huyo alionyeshwa kuwa mchafu, mjinga na mwenye choyo. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuandika, hapakuwa na jibu lake. Hivyo neno lilipoingia katika Kiingereza lilikuwa tayari na sura mbili. Mbele ya sheria lilimtaja mtu aliyefungwa na ardhi ya bwana wake, asiyeweza kuondoka wala kumwoza binti yake bila ya kutoa malipo. Nje ya sheria lilimtaja mtu wa roho duni. Baadaye wanachuoni wakazitenga sura hizo kwa tahajia, “villein” ikawa ya wanahistoria na “villain” ikawa ya waovu, kana kwamba ni maneno mawili.

Habari hii haikuwa mchezo wa maneno kwa watu waliohusika. Mwezi wa Juni mwaka 1381 wakulima wa Kent na Essex waliandamana mpaka London, na walipokutana na mfalme Richard wa Pili huko Mile End, dai lao kubwa lilikuwa kuondolewa kwa utumwa huo wa ardhi. Mfalme aliwakubalia, na hati zikaandikwa. Siku ya pili yake kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa huko Smithfield, na muda si muda hati zikatanguliwa. Hali yenyewe ilififia polepole katika karne mbili zilizofuata, kwa sababu ya uhaba wa watu baada ya tauni kuu ya mwaka 1348 na mabadiliko ya malipo ya ardhi. Hata ilipokwisha, hapakubaki mtu wa kuitwa “villein”, lakini tusi lilibaki. Sheria iliweza kumwachilia mkulima, lugha haikumwachilia.

Wala hakuwa peke yake. Katika sheria za Wessex, nchi aliyoitawala Alfred tangu mwaka 871 mpaka 899, “ceorl” alikuwa mtu huru wa daraja ya chini. Diya yake ilikuwa shilingi 200, ilhali diya ya mtu mkubwa ilikuwa shilingi 1200. Alikuwa mdogo, lakini alikuwa na haki zake. Wanormani walipokuja, watu wa namna yake walisukumwa chini mpaka wakachanganyika na watumwa wa ardhi, na jina lao likawa “churl”, mtu mkali asiye na adabu. Ajabu ni kwamba ndugu ya neno hilo katika nchi jirani ni jina la Karl, ambalo kwa Kifaransa ni Charles. Mfalme mmoja wa Wafranki aliyekuwa na jina hilo, aliyefariki mwaka 814, alisifika hata Waslavi wakalifanya jina lake kuwa neno lao la mfalme: kwa Kicheki “král”, kwa Kipolandi “król”. Neno moja, basi, upande mmoja wa bahari limekuwa tusi la mshamba, na upande wa pili limekuwa kiti cha enzi.

Neno “boor” nalo, lililotoka katika Kiholanzi katika karne ya 16, lilikuwa na maana ya mkulima tu, kama vile lilivyo hata leo katika jina la Makaburu wa Afrika ya Kusini, Boer. Kwa Kiingereza limekuwa mtu asiyejua adabu. Hata hivyo ndugu yake wa kale amefichika salama ndani ya “neighbour”, jirani, ambalo asili yake ni mkaaji wa karibu. Mkulima akiwa mbali ni mshamba. Akiwa karibu ni jirani.

Njia ya kupanda nayo ilikuwa na watu wake. Waliokaa karibu na mfalme, hata kama kazi yao ilikuwa duni, majina yao yalipata nuru. “Marshal”, jemadari mkuu, asili yake ni maneno mawili ya Kijerumani cha kale, farasi na mtumishi. Na Wafaransa mpaka leo huliita jina hilo hilo fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma. “Steward” alikuwa mlinzi wa nyumba. Ukoo mmoja ulioshika kazi hiyo kwa wafalme wa Scotland uliigeuza kuwa jina lake, ukapata ufalme wa Scotland mwaka 1371, na ufalme wa Uingereza mwaka 1603. Kisha jina hilo la kazi likashuka tena, hata leo ni mtumishi wa abiria melini. “Constable” lilikuwa cheo cha Kilatini, mkuu wa banda la farasi wa mfalme. Katika Ufaransa likawa cheo cha amiri wa majeshi yote; katika Uingereza lilishuka mpaka kwa mlinzi wa kijiji, na kwa njia ya serikali ya kikoloni likafika Afrika ya Mashariki, ambako konstebo ni askari wa polisi wa daraja ya chini.

Yakiwekwa pamoja, mambo haya yaonyesha kanuni moja. Jina la mnyonge huelekea kuwa jina la ubaya, na jina la mkubwa huelekea kuwa jina la wema. “Gentle” asili yake ni mtu wa ukoo, kisha mtu wa ukoo bora. Leo ni mpole. “Generous” asili yake ni mwenye nasaba. Leo ni karimu. “Frank” lilikuwa jina la kabila la Wafranki waliotawala Gaul, ambao peke yao walikuwa na uhuru kamili; leo ni mtu asemaye kweli bila ya kuficha. Mwanachuoni C. S. Lewis, katika kitabu chake juu ya maneno kilichochapwa mwaka 1960, alilieleza jambo hili kuwa ni kugeuzwa kwa maneno ya cheo kuwa maneno ya tabia. Upole, ukarimu na ukweli si mali ya tabaka moja. Lakini walioandika walikuwa wa tabaka moja, nao waliziita sifa hizo kwa majina yao wenyewe.

Walakini kanuni hiyo ina mpaka. Jina la heshima lipitalo mikono mingi huchakaa. “Master” lilikuwa bwana au mwalimu. Limekuwa “mister”, na kila mwanamume huitwa hivyo. “Lady” huitwa kila mwanamke anapozungumzwa kwa adabu. Mfano mkubwa kuliko yote ni viwakilishi “thou” na “you”. La kwanza lilikuwa la mtu mmoja, la pili la wengi. Kwa kuiga desturi ya Wafaransa, watu wa karne ya 13 na baadaye walianza kumwita mkubwa mmoja kwa neno la wengi, na “thou” likabaki kwa watoto, watumishi, jamaa na Mungu. Katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh, mwezi wa Novemba mwaka 1603, mwanasheria wa mfalme, Edward Coke, alimtupia neno hilo kwa kusudi la kumvunjia heshima mbele ya watu, na kila aliyehudhuria alifahamu. Miaka 50 baadaye wafuasi wa George Fox, waitwao Quakers, walimwita kila mtu “thou”, hata mahakimu, wakiamini kwamba mbele ya Mungu hapana mkubwa; wakapigwa na kufungwa. Dai lao la usawa lilitimia, ila kwa njia waliyoikataa: badala ya wote kuitwa kama watumishi, wote waliitwa kama wakubwa, na “you” ikawa ya kila mtu.

Mchunguzi wa mambo haya ana wajibu wa kujihadhari na hadithi tamu. Walter Scott, katika kitabu chake Ivanhoe cha mwaka 1819, alieneza habari ya kwamba mnyama akiwa hai huitwa kwa neno la Kiingereza, kwa kuwa Mwingereza alimchunga, na akiwa nyama huitwa kwa Kifaransa, kwa kuwa Mnormani alimla: “ox” na “beef”, “sheep” na “mutton”. Habari hiyo ina kweli ndani yake, lakini maandishi yaonyesha kwamba kwa karne nyingi maneno ya Kifaransa yalitumiwa kwa wanyama walio hai pia, na mgawanyo huo safi ulikuja polepole baadaye. Dhana haitoshi; yatakiwa tarehe. Kwa sababu hiyo kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ilipangwa kwa utaratibu wa kuonyesha kila maana pamoja na mwaka wake na ushahidi wake.

Wachunguzi wa Kiswahili wana sababu ya kuiangalia kazi hiyo kwa makini, maana Kiswahili kina historia ya namna hiyo hiyo. Mwungwana wa pwani alikuwa kwanza mtu huru, si mtumwa, mwenye nasaba na mji wake. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, aliye nje ya mji na nje ya dini ya mji. Leo mwungwana ni mtu mwenye adabu, na mshenzi ni tusi. Utumwa uliondolewa na sheria Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Cheo kikafa, tabia ikabaki katika neno, sawasawa na “gentle” na “villain”. Na katika Kongo watu wa misafara ya biashara, ambao wengi wao wasingehesabiwa na wenye miji ya pwani kuwa wa daraja hiyo, walijiita Wangwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Walilitwaa jina la wakubwa, kama mtu wa kawaida wa Uingereza alivyojitwalia “mister”.

Mtunga kamusi aandikaye kwamba mshenzi ni mtu asiye na adabu amesema kweli ya leo. Asipoongeza kwamba palikuwa na siku ambapo neno hilo lilitaja mahali alipotoka mtu, wala si alivyotenda, amekuwa shahidi wa upande mmoja bila ya kujua. Ndivyo ilivyowapata wakulima zaidi ya 100,000 wa kitabu cha Domesday, ambao majina yao wenyewe hayakuandikwa. Waliacha neno moja tu nyuma yao, na neno hilo waliliandika wengine.